Warsha yako ya kwanza Dar: mtafute mtu wa kumi na mbili

Mara ya kwanza nilipotaka kuwakusanya wabunifu wenzangu, nilitengeneza tangazo, nikalirusha Instagram Jumatatu usiku, na kufikia Jumatano lilikuwa limepata mioyo zaidi ya mia mbili. Jumamosi walikuja watu wanne. Wawili kati yao walikuwa marafiki zangu, na wangekuja hata kama ningewaita kunywa chai tu.

Mara ya pili sikuanza na tangazo. Nilianza na daftari lenye majina 54. Walikuja kumi na tisa, na kumi na saba kati yao walikuwa wameshalipa kabla ya Jumatano jioni. Ukumbi ulikuwa wa kawaida, mwalimu alikuwa mimi yuleyule, na jiji ni hilihili lenye foleni yake. Naandika hapa kilichobadilika kati ya siku hizo mbili, nikimwandikia mchora katuni wa Mbagala, mpiga picha wa Sinza, mhariri wa video anayefanyia kazi chumbani kwake Kimara, yeyote anayejitegemea na sasa anataka kuwaita wenzake kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Chagua tatizo moja linalouma

Warsha nyingi za kwanza huharibika kwenye jina. "Ubunifu, Masoko na Mafanikio." Mtu akisoma hivyo hajui atarudi nyumbani na nini, kwa hiyo anasema "tutaonana" na Jumamosi analala.

Usiwaulize watu wangependa kujifunza nini. Watakujibu kwa adabu, na adabu haijazi viti. Wapigie simu watano na uwaulize hivi: "Mara ya mwisho ulipokosana na mteja, mlikosana juu ya nini?" Kisha nyamaza uandike. Mimi nilipofanya hivyo, wanne kati ya watano walinisimulia kisa kilekile kwa maneno tofauti. Mteja anapiga simu, salamu hata haijaisha: "Kaka, logo shilingi ngapi?" Mbunifu anataja namba ya kwanza inayomjia, na namba inayotajwa kwa haraka huwa ndogo. Baada ya hapo yanaanza marekebisho. Rangi, kisha herufi, kisha shemeji wa mteja naye anatoa maoni. Wiki ya pili kazi bado haijaisha, na hela ilishatumika tangu siku ya tatu.

Basi warsha yangu ikawa kuhusu jambo hilo tu: kuandika profoma, yaani karatasi ya bei na masharti anayopewa mteja kabla ya kazi kuanza, unayoweza kuitetea mbele yake. Yako inaweza kuwa nyingine kabisa, kama vile kupanga picha za kumwonyesha mteja, au kurekodi sauti safi kwa simu. Kipimo ni kimoja. Mshiriki aweze kuimalizia sentensi hii bila kusitasita: "Nikitoka hapa nitakuwa na … mkononi." Akishindwa, tatizo ulilochagua bado ni pana. Likate tena.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kutafuta ukumbi

Hapa ndipo mtu wa kumi na mbili anapoingia. Chukua karatasi, gawa gharama zako mafungu mawili: zile utakazolipa hata akija mtu mmoja, na zile zinazoongezeka kwa kila kichwa. Mfano wangu huu wa viti 20 ubadilishe kwa bei utakazokuta wewe.

Gharama zisizobadilika:
- Ukumbi wa nusu siku: 120,000
- Msaidizi wa mlangoni: 35,000
- Bajaji ya kubeba vitu, kwenda na kurudi: 20,000
- Kalamu za ubao, karatasi kubwa, gundi ya karatasi: 15,000
- Chakula chako na cha msaidizi: 20,000
- Fungu la dharura: 30,000

Jumla ni 240,000. Kwa kila mshiriki, chai yenye vitafunwa viwili na chakula cha mchana vilinigharimu 8,000, makaratasi ya mazoezi 1,500, maji 500. Hiyo ni 10,000 kwa kichwa.

Ukitoza 30,000, kila mshiriki anakuachia 20,000 baada ya kula na kupewa makaratasi. Gawanya 240,000 kwa 20,000, unapata 12. Mtu wa kumi na mbili akilipa, umetoka sare. Wakifika 20, unabaki na 160,000.

Liandike jina lake hata kabla hujamjua: "Na. 12", uizungushie duara. Kazi yote ya kutangaza sasa ina shabaha. Huwatafuti "watu wengi". Unawatafuta kumi na wawili, kisha unaongeza wanane.

Usifanye warsha ya bure. Najua hofu inayokuja, kwamba wenzetu hawana hela, kwamba bado hujulikani. Lakini kiti cha bure hakina uzito. Mvua kidogo, mwenzake akapata msiba wa jirani, simu ikaita kazi ya ghafla, kiti kinabaki kitupu na wali umeshapikwa. Ukitaka kuwasaidia wasio na uwezo, na ni vizuri kutaka, tenga viti viwili vya nusu bei. Vitoe kimyakimya kwa watu uliowachagua, kwa mfano vijana wa sanaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au mtoto wa mtaani kwako anayejifunzia kwenye simu. Hawa wahesabu juu ya wale kumi na wawili.

Hatua ya 3: Siku, saa na mahali

Jumamosi asubuhi. Ijumaa ina swala ya mchana na foleni ya jioni, Jumapili ni ya kanisa na familia. Wasabato utawakosa Jumamosi, waambie mapema kwamba ya pili utaipanga siku nyingine. Tafuta wiki ya kwanza au ya pili ya mwezi, wakati malipo ya mwisho wa mwezi hayajayeyuka. Januari iache, ada za shule zimeshapita na kila kitu. Mwezi wa Ramadhani warsha yenye chakula cha mchana haifai.

Angalia pia mvua. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, vuli ni kati ya Oktoba na Desemba. Mvua ikikaza, maji ya Msimbazi huifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, na mtu wa Kimara uliyemtegemea anabaki kule kule kwao. Kwa warsha ya kwanza, Juni hadi Septemba ni miezi ya amani, ila mwanzoni mwa Julai kuna maonyesho ya Sabasaba, kwa hiyo usiwapeleke watu upande wa Barabara ya Kilwa wiki hizo.

Kuhusu mahali, hesabu nauli kabla ya uzuri. Wabunifu wako wanatoka Tegeta, Gongo la Mboto, Mbagala, Kigamboni. Mahali pazuri ni pale ambapo wengi wanafika kwa gari moja au kwa kubadilisha mara moja tu: Kijitonyama, Makumbusho, Mwenge, Upanga, Posta. Masaki pazuri, lakini anayekuja kwa daladala utamwongezea bodaboda ya kwenda na ya kurudi, na hela hiyo ataitoa kwenye ada yako.

Zungukia kwanza sehemu ambazo watu wa sanaa tayari wanazizoea. Nafasi Art Space pale Mikocheni ipo tangu 2008, Alliance Française iko Upanga kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Buni Hub iko kwenye jengo la COSTECH Kijitonyama, Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert. Kaulizie mwenyewe masharti na bei. Ukiona ni kubwa mno kwa watu 20, usione aibu kutumia chumba cha mikutano cha ofisi ndogo au darasa la kituo cha mafunzo linalokaa tupu Jumamosi. Warsha ya watu 20 ndani ya ukumbi wa watu 150 hupoa kabla haijaanza.

Ukienda kukagua, nenda Jumamosi, saa ileile. Kaa kwenye kiti cha nyuma dakika kumi. Utajua kama jua linapiga ukutani unapotaka kuonyeshea, na kama jirani ana gereji. Kisha uliza mambo haya, na majibu yaandikwe kwenye ujumbe, yasiishie mdomoni:

- Umeme ukikatika, jenereta linawasha nini? Mahali pengine linawasha taa na feni peke yake, projekta na soketi za kompyuta zinabaki gizani.
- Soketi ni ngapi? Watu 20 wenye kompyuta mpakato wanataka ekstensheni nne au tano. Azima, au nunua Kariakoo, zitakusaidia mara nyingi.
- Choo kiko wapi, na kina maji siku za Jumamosi?
- Mtu wangu wa chakula anaruhusiwa kuingia? Ukumbi mwingine unakulazimisha kununua chakula chao, na hesabu yako yote inabadilika.
- Nikilipa nusu kushika tarehe halafu nikaahirisha, nusu hiyo inahamia tarehe nyingine?

Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, utaona kwa nini.

Hatua ya 4: Jaza viti kwa majina

Tangazo halijazi warsha ya kwanza. Linamkumbusha mtu jambo alilokwisha kulisikia kutoka kwa mtu. Kwa hiyo wiki ya kwanza usitangaze popote. Fungua daftari, andika majina 50 au 60 katika makundi matatu: wanaokujua na wanaijua kazi yako, mliowahi kufanya kazi pamoja hata mara moja, na wale unaowafuatilia mtandaoni, mnapeana mioyo lakini hamjawahi kuongea.

Anza na kundi la kwanza, watu kumi, kwa simu ya sauti. Wakubwa kwako wasalimie kama unavyowasalimia siku zote, shikamoo yao wapate kabla ya biashara. Watatu au wanne kati yao watasema ndiyo palepale, na hao ndio watakaokuwezesha kumwambia mtu wa kundi la pili, kwa ukweli, kwamba watu wameshaanza kulipa.

Kundi la pili na la tatu waandikie WhatsApp, mmoja mmoja. Usinakili na kubandika. Kila ujumbe uanze na kitu kinachomhusu yeye peke yake. Huu ni mfano:

"Dada, habari za kazi? Ile kava uliyomfanyia mwenye duka la vitenge niliiona, hongera sana, herufi zimekaa. Jumamosi ya tarehe 14 tunakaa watu 20 Kijitonyama, saa 3:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana, tunafanya jambo moja tu: kuandika profoma. Kila mtu anaondoka na yake imekamilika, tayari kutumwa kwa mteja. Ada ni 30,000, chai na chakula vimo. Nimekuwekea kiti hadi Jumatano jioni ya wiki hiyo. Nikuandike?"

Ujumbe huu umebeba mambo mengi kwa maneno machache. Anajua umeiona kazi yake. Anajua idadi, saa, sehemu, bei na kitu atakachoondoka nacho. Na mwisho kuna swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Ukimalizia na "karibu sana", atakujibu "asante sana", na mazungumzo yameishia hapo.

Majibu ya Dar unayajua. "Nipo pamoja na wewe." "Inshallah." "Niandike jina, nitalipa mlangoni." Hayo yote ni maneno ya upendo, lakini kwenye daftari hayahesabiki. Weka alama tatu: mviringo mtupu kwa aliyeonyesha nia, mviringo uliojazwa nusu kwa aliyetaja siku ya kulipa, na uliojaa kwa aliyelipa. Ukihesabu kama umemfikia mtu wa kumi na mbili, hesabu iliyojaa tu. Mimi niliwaruhusu wawili walipe mlangoni kwa sababu nawajua tangu shule. Wengine wote niliwajibu, "Kiti kinashikwa na malipo, ndugu yangu, kwa sababu chakula nakiagiza kwa idadi." Hakuna aliyekasirika. Sababu ya chakula kila mtu anaielewa.

Tumia Lipa Namba au namba moja ya simu, na mwambie mtu jina litakalotokea kwenye skrini kabla hajabonyeza. Mtu akiona jina asilolijua anasita, na ana haki ya kusita. Akishalipa, mtumie uthibitisho ndani ya saa hiyohiyo: jina lake, kiti namba ngapi, na sharti la kurudishiwa hela. Langu lilikuwa rahisi: ukighairi kabla ya Jumatano jioni unarudishiwa yote, baada ya hapo unaweza kumtuma mtu mwingine akae kwenye kiti chako.

Wiki ya pili, viti kama vinane vikiwa vimelipiwa, ndipo tangazo linatoka. Liwe na sentensi moja ya tatizo, siku, saa, mahali, bei, namba. Andika "saa 3:30 asubuhi" kwa maneno yetu, usichanganye na saa za kwenye simu, nimeona watu wakifika mapema au wakichelewa sana kwa sababu ya hilo. Mahali andika kama unavyomwelekeza konda: kituo cha kushuka, alama kubwa iliyo karibu, upande wa barabara. Liweke kwenye stetasi yako, na uwaombe waliokwisha kulipa waliweke kwenye zao. Stetasi ya mtu aliyelipa ina nguvu kuliko yako kumi, maana yeye hana cha kuuza. Matangazo ya kulipia mtandaoni yaache kwa sasa, viti 20 havihitaji.

Kwenye magrupu ya WhatsApp omba ruhusa kwa admini kwanza. Tuma mara moja, kisha jibu maswali faragha.

Jumatano jioni, siku tatu kabla, fungua daftari. Miviringo iliyojaa imefika 12? Thibitisha chakula, malizia ukumbi, endelea. Imefika 9? Piga simu kwa wote wenye nusu usiku huohuo. Bado haijafika? Ahirisha kwa wiki mbili, rudisha hela kwa yeyote anayetaka usiku huohuo bila kusubiri akuulize, na hapa ndipo ile nusu ya ukumbi inayohamishika inakuokoa. Kuahirisha siku tatu kabla, kwa simu na kwa heshima, hakumvunji mtu. Aliyerudishiwa hela yake ndani ya saa moja atakuamini zaidi ya alivyokuamini mwanzo.

Hatua ya 5: Panga saa tano, mikono ikiwa kazini

Watu wazima waliovuka jiji zima Jumamosi hawakuja kusikiliza hotuba. Hakuna mgeni rasmi, hakuna utambulisho wa nusu saa. Kila mtu anasema jina, anachofanya, na mtaa anakotoka, basi. Ongea robo, wao wafanye robo tatu.

Warsha yangu ilianza na karatasi yenye mistari mitano, na kila mmoja akajaza matumizi yake ya mwezi bila kumwonyesha jirani. Ubaoni niliweka mfano: chumba na umeme 200,000, chakula 240,000, nauli na bando 100,000, nyumbani kwa wazazi na dharura 100,000, akiba ya kununua kompyuta nyingine hii ikichoka, 80,000. Jumla 720,000. Kisha swali: kwa mwezi unauza siku ngapi za kazi kweli? Siyo siku unazokaa mbele ya kompyuta, bali zile ambazo mteja anazilipia. Wengi waliandika 25, wakafuta, wakaandika 18, wakafuta tena. Tuliposhika 12, hesabu ikawa 60,000 kwa siku. Logo yenye marekebisho yake inachukua siku nne. Hiyo ni 240,000.

Dada mmoja mchoraji alishika kalamu juu ya karatasi bila kuandika. Alikuwa anatoza 50,000. Hakusema chochote, aliichukua simu yake, akafungua mazungumzo na mteja wa mwisho, akahesabu siku kwa vidole kwenye tarehe za ujumbe. Kumi na moja. Nilimwacha ahesabu, na darasa zima likanyamaza likimwangalia, halafu mmoja baada ya mwingine wakachukua simu zao wakaanza kuhesabu za kwao. Sikuwa nimelipanga zoezi hilo. Sasa ni la kudumu, na nakushauri uache dakika kama hizo ndani ya programu yako, usijaze kila nafasi kwa maneno.

Baada ya chai wanaandika profoma. Kazi ni nini hasa, mapendekezo mangapi, marekebisho mangapi (mimi husema mawili), advansi ya nusu kabla ya kuanza, siku ya kukabidhi, na mafaili ya chanzo, yale yanayoweza kuhaririwa tena, yatakuwa ya nani. Hilo la mwisho libebe kwa uzito. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na kinachoandikwa kwenye makubaliano ndicho kinachokulinda siku mteja atakapotaka kuitumia kazi yako kwa jambo jingine. Waeleze pia kodi ya zuio, kwa sababu wengi hufikiri wameibiwa. Kampuni ikikulipa kwa huduma ya kitaalamu hukata asilimia 5 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwenye 240,000 utapokea 228,000, na ile 12,000 unaidai kama cheti cha kodi ya zuio chenye TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, ambacho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Asiye na cheti amepoteza 12,000 yake.

Saa 6:30 mchana simamisha kila kitu. Adhuhuri inaangukia hapo, wanaoswali waonyeshe sehemu, wengine wapakue chakula.

Baada ya kula watu husinzia, kwa hiyo weka zoezi la kusimama. Wawili wawili, mmoja ni mteja. Mteja anapewa sentensi zilezile tunazozisikia kila siku: "Mbona ghali hivyo, kuna kijana ananifanyia kwa elfu thelathini." "Ni kitu kidogo tu, wewe si fundi?" "Fanya hii kwanza, kazi zinakuja nyingi." Mbunifu haruhusiwi kupunguza bei ya siku. Anaruhusiwa kupunguza kazi: "Kwa 120,000 nitakupa siku mbili, pendekezo moja, rekebisho moja." Dakika tatu, kisha wanabadilishana. Kelele itakuwa kubwa, usiizuie.

Kuhusu vyeti vya ushiriki, mimi sitoi. Profoma iliyokamilika mkononi ina faida zaidi, na hela ya kuchapa vyeti niliiweka kwenye chakula.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ijumaa mchana mtumie kila mshiriki ujumbe wake, pamoja na ujumbe wa sauti wa nusu dakika unaomwelekeza kuanzia kituoni. Ongeza maelezo ya mvua: ikinyesha, warsha ipo.

Fika saa 1:30 asubuhi. Jaribu projekta na kompyuta utakayotumia wewe, waya ule ule. Uwe na mafaili kwenye flashi na kwenye simu, na zoezi zima liwe kwenye karatasi, ili umeme ukikatika saa 4 usipoteze hata dakika. Bandika karatasi yenye mshale getini. Msaidizi akae mlangoni na orodha, asiwe mshiriki, na asiwe mtu anayeona haya kudai malipo.

Anza saa 3:30 kamili, hata wakiwa saba. Wale saba waliamka alfajiri Gongo la Mboto ili wasichelewe. Ukiwasubirisha kwa ajili ya anayetoka Mikocheni, umewafundisha kuchelewa mara ijayo. Anayechelewa msaidizi anampa karatasi na kumwonyesha kiti, hakuna kurudia.

Mama lishe aliye mtaa huohuo ni bora kuliko anayetoka mbali. Mpe idadi Jumatano, mpe nusu ya hela, na mwambie chakula kifike saa 6:15, kikiwa kwenye hotpoti. Wali, maharage, mchicha na kuku kidogo vinatosha. Waulize washiriki mapema kama kuna asiyekula nyama.

Kabla ya kupiga picha omba ruhusa, na uwape wasiotaka nafasi ya kukaa upande mmoja. Namba zao za simu usizimwage kwenye grupu bila kuwauliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu alikupa namba yake alipie kiti, hakukupa ili auziwe sabuni.

Hatua ya 7: Jumapili na wiki mbili zinazofuata

Jumapili jioni funga hesabu, risiti zote kwenye bahasha moja. Mlipe msaidizi kama hujamlipa. Watumie washiriki karatasi za mazoezi pamoja na maswali mawili tu: kipi umekitumia tayari, na wapi ulipotea? Swali la "umefurahia?" liache.

Kisha weka kikumbusho kwenye simu, siku ya kumi na nne. Siku hiyo mpigie kila mmoja: "Ile profoma, umemtumia mteja?" Mimi kati ya kumi na tisa, kumi na mmoja walikuwa wametuma. Wanane hawakuwa wametuma, na wengi wao sababu ilikuwa moja, waliona aibu kuandika bei ile kwa mteja wa zamani. Hao nikawaita Makumbusho, Jumanne jioni, wakaja watano. Tulikaa kwenye mkahawa wa chai, simu mezani, na kila mmoja akaandika ujumbe wake kwa mteja, mwenzake akausoma kwa sauti, wakarekebisha neno moja au mawili. Wanne waliutuma palepale, kabla chai haijapoa.

Orodha ya watu hao kumi na tisa ndiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la warsha ya pili. Anza kuwapigia wao, uwaulize nani mwingine mtaani kwao anaulizwa "logo shilingi ngapi" kila siku.